Angalia mikono yako kabla ya kuamini walichokuita

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Mafinga, na tangu niusome sijatulia. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kazi ya kupanga na kupakia. Lakini mtandaoni, na kijijini kwao, anajulikana kama mfanyabiashara wa mbao. Alipiga picha ameegemea Fuso ya bosi wake, watu wa nyumbani wakaanza kumwita tajiri, na sasa wanampigia simu za michango ya harusi na misiba. "Dada," ameniandikia, "simu ikiita tu moyo unanienda mbio. Usiku silali. Naogopa mtu wa kwetu asije akapita huku akanikuta na vumbi la mbao kichwani. Nifanyeje?"

Nitakujibu, mdogo wangu. Ila nianze na langu, kwa sababu wewe unajitangaza mkubwa kuliko unavyoishi, na mimi kwa miaka mingi nilijiona mdogo kuliko nilivyoishi. Usingizi tumekosa wote wawili.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2004, hapa hapa Mbeya. Matokeo yakatoka: divisheni ziro. Siku hizo nyumbani tulikuwa na wageni waliokuja kwa mambo ya posa ya dada yangu. Ndugu mmoja mzito wa upande wa baba alisema mbele ya wote, mimi nikiwa nimeshika birika nawanawisha mikono: "Huyu hana kichwa. Atafutiwe mume mapema, hesabu za maisha hataziweza." Watu wakacheka kidogo, wakaendelea kunawa. Nilimaliza kuwanawisha, nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Sitawadanganya kwamba nimeshamsamehe kabisa.

Mama alikuwa na meza ya mchele pale Mwanjelwa, nikaenda kumsaidia. Mwaka 2006 soko likaungua. Miaka iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya kuhangaika kama ya kila mtu aliyeteketezewa mali siku ile. Niseme tu kwamba tulianza upya na magunia ya kukopa, mama akachoka, na biashara ikabaki mikononi mwangu.

Leo mchele nafuata Kyela mwenyewe. Nikifika kwa mkulima sisubiri maneno, nachukua punje ya mpunga nang'ata. Ikikatika kwa laini najua haijakauka, na nikiipeleka mashine nitarudi Mbeya na chenga. Ikikatika kwa mlio mkavu, tunaongea bei. Nauli, ushuru, kukoboa, upakiaji, vyote navipiga kichwani gari likiwa bado linapanda Tukuyu. Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa meza hiyo.

Na bado, mtu akiniuliza mimi ni nani, jibu lililokuja moyoni lilikuwa lile lile la siku ya birika: sina kichwa. Mteja akinisifu nilihisi ananikejeli. Jioni nilihesabu mauzo, nikayarudia, nikayarudia tena, si kwa sababu yalikuwa hayalingani, bali kwa sababu sikuamini kwamba mtu kama mimi anaweza kupata jibu sahihi. Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, kiliponiomba niwe mweka hazina nilikataa, tumbo likinikata kama mtu aliyeitwa polisi.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, anayechukua mchele kwa mkopo na kulipa pensheni ikiingia. Siku hiyo alitaka kuona deni lake, nikamgeuzia daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa mzima: tarehe, jina, sado ngapi (kile kindoo tunachopimia mchele), bei, alicholipa, kilichobaki, kila mstari umenyooka, na jumla chini kwa wino mwekundu.

"Nani anakuandikia hesabu?"

"Mimi mwenyewe, mwalimu."

"Na wewe ndiye unayesema hujui hesabu?" Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Aliyeandika huu ukurasa anajua hesabu. Kama si wewe, niitie huyo mtu nimsalimie."

Nilikosa la kujibu. Ushahidi ulikuwa mezani, kwa mwandiko wangu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili wataalamu wamelichambua zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daryl Bem, alieleza miaka ya 1960 na 1970 kwamba mara nyingi mtu hujijua kwa njia ile ile anayowajua wengine: anaangalia anachokifanya, kisha anakata shauri yeye ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa nimeacha kuangalia. Nilijibeba kwa sentensi ya mtu mmoja aliyekuwa ananawa mikono, nikaacha ushahidi wa maelfu ya sado nilizopima.

Mwingine, Tory Higgins, mwaka 1987 alitenganisha maumivu haya mawili, na hapo ndipo nilipomwona kijana wangu wa Mafinga. Alisema mtu akijiona yuko mbali na yule anayetamani kuwa, kinachomjia ni huzuni na kukata tamaa. Akijiona yuko mbali na yule anayedhani anapaswa kuwa, kinachomjia ni hofu na wasiwasi. Langu lilikuwa huzuni. Lako, mdogo wangu, ni wasiwasi, kwa sababu kuna mtu amekuambia kwamba kijana wa umri wako anapaswa kuwa na Fuso.

Sasa nikujibu. Usianze kwa kujieleza kwa kijiji kizima. Anza na mtu mmoja unayemwamini nyumbani, mama au kaka, mpigie umwambie kazi unayofanya ni ya kupakia mbao na mshahara wako ni kiasi gani. Michango ikija, toa unachoweza na usitoe sababu za kubuni. Ile picha ifute. Halafu chukua tendo moja la mfanyabiashara, moja tu, ulifanye kweli: jifunze kupima ubao na kutambua daraja lake, au weka akiba kila ukilipwa mpaka ununue mbao zako chache za kwanza. Ukishafanya, jina litakuja lenyewe na halitakunyima usingizi.

Ukiacha hivyo hivyo, moyo utatafuta njia ya mkato. Mwanasaikolojia mwingine, Leon Festinger, aliandika mwaka 1957 kwamba mtu anapoamini hiki na kutenda kile hukosa raha, na atahangaika mpaka kimoja kibadilike, na mara nyingi kinachobadilika ni kile anachoamini, kwa kujitafutia visingizio. Nimeliona sokoni. Nilikuwa na jirani wa meza aliyependa sana kuzungumzia haki, na sado yake ilikuwa imebonyezwa kitako kwa ndani. Mteja akiinyanyua tu sado kuitazama, yeye anawaka. Alikuwa akisema kila mtu sokoni anapunja, na si kweli, wengi wetu hatupunji. Sikuwahi kumwona akicheka na mteja. Ndugu zangu, kama kuna kitu unakigombania sana watu wasikiguse, kageuze hicho kwanza.

Mimi ninachofanya ni kidogo, na ningependa ukifanye pia. Jioni, baada ya hesabu za mauzo, naandika chini ya ukurasa matendo ya siku hiyo. Siandiki "mimi ni mvumilivu." Naandika "nimemsubiri mama mwenye mtoto mgonjwa mpaka mwisho wa mwezi." Siandiki "mimi ni mbaya." Naandika "nimemfokea kijana wa mkokoteni." Tendo likiwa zuri nalikubali kama lilivyo, na likiwa baya asubuhi naenda kulitengeneza. Yule kijana wa mkokoteni anapewa chai. Ukifanya hivi kwa muda utaanza kujijua kwa matendo, na maneno ya watu, ya sifa na ya matusi, yatapungua nguvu. Fanya kila siku, hata siku ambayo hukufanya la maana. Hasa siku hiyo.

Uweka hazina niliukubali. Wasiojua vikundi niwaambie: sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu tofauti, na mimi ninayelala na sanduku nyumbani sina ufunguo hata mmoja. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya wote. Mwezi uliopita tumevunja mzunguko, yaani kufungua sanduku na kugawana akiba. Tulimwaga fedha mezani, wahesabu wakahesabu, katibu akasoma daftari lake, na kiasi kikawa kile kile nilichokuwa nacho kichwani, bila kupungua shilingi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nililia, na sikuona haya. Kuna mtu mmoja tu niliyetamani awepo siku hiyo, na hakuwepo.

Wazazi, hili ni lenu. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kuna watoto huku Mbeya, Iringa na Njombe watapata ziro. Msiwape jina. Msiseme "huna kichwa" mbele ya wageni, wala msiseme wageni wakiwa wameondoka. Mwambie amefeli mtihani, muulize ni somo gani, mwacheni alie. Akishatulia mpe kazi ya kweli yenye hesabu ndani yake: mauzo ya siku moja, magunia ya viazi ya msimu, nauli ya kwenda na kurudi Makambako. Kaa pembeni umwone anavyoifanya, na akimaliza mwambie ulichokiona.