Nani sugu: mwili, dawa au bakteria?

SWALI: Mtoto wangu alipewa amoksilini, homa haikushuka. Jirani kaniambia, "Mwili ushaizoea dawa." Redioni nasikia "usugu wa dawa", na "kimeng'enya" kinatajwa humo humo. Tuseme vipi? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Aliye sugu ni bakteria. "Mwili umezoea dawa" husemwa kwa mtu aliyetumia dawa za usingizi muda mrefu hata kiasi cha mwanzo hakimtoshi. Bakteria sugu akihamia kwa mtu ambaye hajapata kumeza hata kidonge kimoja, usugu anakwenda nao. "Usugu wa dawa" unaeleweka, lakini ile "wa" inaufanya usugu uwe mali ya dawa. Semeni "usugu wa bakteria dhidi ya dawa".

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia; jina limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, kama chakula tumboni. Kwa amoksilini jina limekaa pahala pake. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwamo, zina pete ya atomi 4: kaboni 3 na naitrojeni 1. Kwa pete hiyo dawa hunasa vimeng'enya ambavyo bakteria hujengea ukuta wake. Ukuta usipojengwa, bakteria hupasuka. Bakteria sugu hutoa beta-laktamasi, kimeng'enya kinachoikata pete ile kwa kutumia maji. Ikishafunguka, dawa hainasi tena. Chenyewe hakiharibiki: huiachia hiyo, kikashika nyengine, na aina kali hukata mamia kwa sekunde moja. Ndiyo maana zipo amoksilini zilizochanganywa na asidi klavulaniki, ambayo huzizuia beta-laktamasi nyingi, dawa ikapata kufanya kazi.

Kwa jentamisini, dawa nyengine ya kuua bakteria, hakimeng'enywi kitu. Kimeng'enya hubandika kipande juu ya dawa, kama vile asetili au fosfeti, nayo ikashindwa kukaa vyema kwenye ribosomu ya bakteria, yaani kiwanda chake cha protini. Dawa haikupungua, imeongezwa! Basi "kimeivunja dawa" hapa ni kosa. Napendelea "kimeibatilisha", neno linalobeba hali zote mbili.

Sugu lenyewe ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe. Picha nzuri, lakini ina mtego: kiganja huwa kigumu kwa kusuguliwa, ilhali bakteria wachache huwa na jeni ya usugu kabla dawa haijawafikia. Dawa huua wenzao, wao wakabaki, wakazaana na kupeana jeni hiyo. Wanasayansi Abraham na Chain walieleza kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, penisilini yenyewe haijaenea hospitalini.

Kisarufi, sugu halichukui kiambishi cha ngeli: bakteria sugu, vijidudu sugu, si "visugu".

Kuhusu mtoto, homa ya virusi haishuki kwa amoksilini, na huo si usugu hata kidogo. Mrudisheni kwa daktari. Neno "usugu" lisubiri maabara ioteshe vimelea na kuvijaribu kwa dawa.