Upepo wa Malindi, mawe ya Shetani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni njia gani ya baiskeli iliyokushinda, na je, ungeirudia? Najua ndugu zetu wa bara watawaandikia milima yao. Mimi ni mtu wa Malindi, na mlima mkubwa niliozoea kuupanda ni tuta la mchanga la Mambrui. Mimi nilishindwa na mawe meusi, na wala si miguu iliyoniangusha. Ni upepo niliotia kwenye tairi.

Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli, mwaka wa 19 huu. Wateja wangu wa kila siku ni wauza maji wenye mitungi minne nyuma, wabeba madafu, na wazee wenye Black Mamba zilizonizidi umri. Siku hizi wanakuja pia vijana wenye baiskeli za usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, matairi mapana yenye vinundu, zile za kukimbizia barabara za changarawe. Mwana wa kaka yangu ni mmoja wao. Tangu mashindano ya baiskeli ya Migration Gravel Race yaanze Maasai Mara mwaka 2021, kijana hana habari nyingine. Ukutani kwake kuna picha ya marehemu Sule Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyefariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Ndiye aliyenijia siku moja nikinyoosha rimu ya mtu, akaniambia, "Ami, twende Shetani."

Shetani ni uwanja wa lava iliyoganda, karibu na lango la Chyulu la mbuga ya Tsavo Magharibi. Urefu wake ni kilomita 8 hivi, na wanajiolojia wanauhesabu kuwa ni wa juzi: ulimwagika karne chache tu zilizopita, Malindi ikiwa mji tayari na majahazi yanatia nanga. Waliouona moto ule walidhani ni shetani mwenyewe anatoka ardhini, na jina likabaki.

Hapa kwetu mtu akisikia nimekwenda mbali kuona volkano huniuliza kwani Nyari ya Marafa ina kasoro gani. Haina kasoro, ila si volkano. Yale magenge mekundu na meupe ni mchanga ulioshikana ukawa mwamba laini, kisha mvua ikauchimba. Rangi ndizo zinazodanganya macho.

Haya. Tulishuka Emali na baiskeli chini ya basi, tukachukua pikapu hadi Kimana, na alfajiri tukaanza kukanyaga kuelekea Chyulu. Tulikuwa watano. Nyuma yetu lilifuata gari lenye askari wa wanyamapori, maana tembo hapishi kwa kengele ya baiskeli. Kilimanjaro ilikuwa upande wa kulia, kofia yake nyeupe inaonekana, na kwa saa mbili za mwanzo nilijiona kijana. Barabara ni ya vumbi, ina mikunjo kama bati, lakini kwa aliyezoea njia ya Langobaya hilo si jambo.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ni la kifundi. Pwani tunaendesha mchangani. Mchanga ukikutana na tairi gumu unalimeza, kwa hiyo tunatoa upepo mpaka kidole gumba kikibonyeza kinazama kidogo. Tairi linatandaa, linaelea juu. Kwa matairi yangu ya milimita 45 mimi hushuka hadi presha 25, na sijawahi kuaibika. Nikaenda na hesabu hiyo hiyo. Kijana aliniuliza asubuhi, "Ami, huongezi upepo?" Nikamjibu kwamba nilikuwa naziba pancha kabla hajazaliwa.

Mawe yalianza kidogo kidogo, kokoto nyeusi ndani ya vumbi jekundu. Kisha kukawa na mteremko mfupi, na chini yake jiwe moja limekaa kama meno ya msumeno. Nilisikia *tah!* na papo hapo rimu inalia juu ya mawe. Nilipoivua tyubu nilikuta matundu mawili yameketi sambamba, kama yale anayoacha nyoka. Hiyo si pancha ya mwiba. Upepo ukiwa mdogo, tairi linabonyea hadi chini, na tyubu inabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu. Mteja angeniletea tundu la namna hiyo ningemcheka.

Nilikaa chini nikalikwangua pale pa kubandika. Jua la saa tano, mawe meusi yameshajaa joto na yanakurudishia usoni kama jiko. Nikapaka gundi, jasho likadondokea hapo hapo. Nikafuta, nikakwangua upya, nikapaka tena, tone jingine. Kiraka cha kwanza kilishika mwendo wa dakika kumi. Cha pili kilimshinda hata askari kujizuia. "Mzee," akasema, "si tuliambiwa wewe ndiye fundi?" Mganga hajigangi, nikamwambia, lakini sikuona raha.

La tatu ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimeongeza upepo sasa, tena kwa hasira, nikaufikisha 50, na tairi gumu namna ile lilikuwa linaruka kutoka jiwe hadi jiwe badala ya kushika njia. Likateleza likaangukia ubavu, na ubavu wa tairi ndipo ngozi ilipo nyembamba. Mpasuko ulikuwa mrefu kama kucha ya kidole gumba, umenyooka kama wa wembe. Tyubu ikatoa puto dogo pembeni, nikaliona linakua, likapasuka. Wenzangu walikuwa mbele. Nikalala chini ya gari kutafuta kivuli.

Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, baiskeli begani, mpaka kwenye Shetani yenyewe. Labda ndiyo maana niliiangalia vizuri. Barabara inapita katikati, na huku na huku ni ukoko mtupu, ukoko wa wali wa sufuria ya harusi uliosahaulika motoni, umepinduka, umevunjika, umelundikana kuliko kimo cha mtu. Watu wa Hawaii, wanaoishi na vitu hivi, wana majina mawili: lava iliyoganda laini yenye mikunjo kama kamba huiita pahoehoe, na hii ya makali huiita aa. Aa huzaliwa pale ngozi ya juu inapopoa na kukauka huku uji wa chini bado unasukuma mbele. Ngozi inakatikakatika, vipande vinajikokota na kusagana. Niliokota kimoja. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotaraji, kimejaa matundu ya gesi kama andazi, na ukingo wa kila tundu ni kiwembe. Askari akanitazama tu, nikakirudisha palipokuwa.

Nimekulia juu ya tumbawe, nalo hukata, muulize yeyote aliyewahi kupita pwani peku maji yakiwa yametoka. Lakini tumbawe ni chokaa. Linachongeka, ndiyo maana nyumba za kale za huku zimejengwa nalo, na baiskeli zikilipita miaka miwili mitatu linalainika. Jiwe la Shetani ukilipiga, kinachovunjika ni chombo chako.

Maji yangu yalikwisha hapo. Nikauliza mto wa karibu uko wapi, askari akacheka tena (ilikuwa siku yake). Chyulu hakuna mto. Mvua inanyesha sana tu juu ya vilima, lakini mwamba una matundu na nyufa, na chini kuna mapango marefu ambamo lava ilipita ikayaacha matupu, moja lina zaidi ya kilomita 10. Maji yote yanazama. Yanakuja kutokea kwenye chemchemi za Mzima, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, safi kama kioo. Sehemu inaingia kwenye bomba la Mombasa, lililojengwa miaka ya 1950. Mengine yanaingia mto Tsavo.

Nikaketi juu ya baiskeli iliyolala nikaufuata mto huo kichwani. Tsavo inakutana na Athi, ile inayotoka bara ikiambatana na uwanda wa juu wa Yatta, ambao nao ni lava, utepe wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Zikikutana jina ni Galana. Galana ikikaribia kwetu ni Sabaki. Na kando ya Sabaki, pale Baricho, ndiko kwenye visima vya maji ya bomba tunayokunywa Malindi. Nimekauka koo juu ya mawe ambayo maji yake yapo kwenye mtungi wangu nyumbani! Nilimwambia kijana, akasema, "Ami, kunywa haya," akanipa chupa yake.

Je, ningeirudia? Nimesharudi, Februari iliyofuata. Safari hii sikumjibu mtu vibaya asubuhi. Niliweka presha 38 nyuma na 35 mbele, nikachukua matairi yenye ubavu mnene ingawa ni mazito, na kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kama ulimi wa kiatu, cha kulaza ndani ikiwa ubavu utapasuka. Kijana alitumia matairi yasiyo na tyubu yenye maji mazito ndani ya kuzibia, na matundu madogo yalijiziba yenyewe akiwa bado anakanyaga. Nilikuwa nikiyadharau, sasa nayauza. Zaidi ya yote nilipunguza mwendo mtelemkoni. Mchangani ukipunguza unazama, kwa hiyo mtu wa pwani mikono yake inakataa breki. Ilinibidi niizoeshe.

Anayeanza nisingempeleka Shetani. Aende Hell's Gate, Naivasha, mojawapo ya mbuga chache ambazo mtu anazunguka kwa baiskeli yake bila gari. Nayo ni nchi ya volkano, ina mawe ya kioo cheusi, lakini njia zake ni za vumbi tambarare na jioni anarudi mjini kula samaki.

Sikupita yote, niseme kweli. Palikuwa na mita mia mbili hivi niliposhuka nikasukuma, na kijana akapita akipiga mluzi.

Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha lile tairi la nyuma, nikaona kitu cheusi kimejikita kati ya vinundu viwili. Nikakitoa kwa bisibisi. Kipo sasa juu ya rafu, ndani ya kikopo cha viraka, na mtoto wa jirani aliyeleta baiskeli yake jana alikigusa akaniuliza kama ni makaa.