Palindromu ya swali la 4: kwa nini 580085, na kwa nini 99999

Swali: Habari za kazi. Najifunza Python na nimekwama kwenye swali la 4 la Project Euler (tovuti ya maswali ya hesabu yanayotatuliwa kwa programu): tafuta palindromu (namba inayosomeka sawa mbele na nyuma) kubwa kuliko zote inayotokana na kuzidisha namba mbili za tarakimu tatu. Nilianzia 999 kwenda chini, na palindromu ya kwanza niliyokutana nayo nikairudisha kwa `return`. Nikapata 580085. Nikabadili, nikazikusanya zote kwenye orodha na kuita `max()`, nikapata 99999. Zote zimekataliwa. Lakini ile programu ya kwanza, nilipoijaribu kwa tarakimu mbili, ilitoa 9009 kama mfano wa swali unavyosema. Nakosea wapi?

Jibu: Nzuri, karibu. Una makosa mawili yasiyohusiana.

Tuanze na 580085. Hiyo ni 995 × 583. Jibu sahihi ni 906609, yaani 993 × 913. Vitanzi vyako (zile `for` zinazorudiarudia) vinashika 995 kwanza na kushuka nayo mpaka 583, kabla 993 haijapata zamu. Ya kwanza kupatikana si lazima iwe kubwa kuliko zote, kwa sababu kipande cha pili (namba ya pili inayozidishwa) kimeshashuka mno.

Mbona basi 9009 ilitoka sawa? Hapa pana utamu wake. Ukizidisha 999 kwa namba j, tarakimu tatu za mwanzo ni j − 1, na tatu za mwisho ni kile kinachobaki ukitoa j − 1 kwenye 999. Mfano: 999 × 584 = 583416, na 583 + 416 = 999. Ili iwe palindromu, tarakimu ya katikati ya kila upande lazima zilingane, na papo hapo zijumlishwe kuwa 9. Hakuna tarakimu ya namna hiyo, kwa hiyo 999 haizai palindromu yoyote ya tarakimu sita. Kwa 99 kizuizi hicho hakipo, kwani hakuna tarakimu ya katikati: 99 × 91 = 9009 inakuja mapema, na ndiyo kubwa kweli. Hata tarakimu nne programu yako ingepatia: 9999 × 9901 = 99000099. Mfano wa swali ulikupa imani ambayo programu haikustahili.

Sasa 99999. Nina hakika uliweka kwenye orodha `str(i*j)` badala ya namba yenyewe. Python inalinganisha stringi (maandishi, si namba) herufi kwa herufi kama kamusi: '99999' na '906609' zinaanza na 9 zote, kisha 9 inaishinda 0, basi, urefu hautazamwi. Na 99999 kweli ni palindromu halali, 271 × 369. Hii ungeinasa kwa tarakimu mbili, maana ingekupa 999 (27 × 37) badala ya 9009.

Andika hivi:

```
kubwa = 0
for i in range(999, 99, -1):
    if i * i <= kubwa:
        break
    for j in range(i, 99, -1):
        z = i * j
        if z <= kubwa:
            break
        if str(z) == str(z)[::-1]:
            kubwa = z
print(kubwa)
```

Stringi inatumika kukagua tu, kinachohifadhiwa ni namba. Hizo `break` mbili (zinazokatiza kitanzi) ni salama kwa sababu j haizidi i: zao likishafikia `kubwa` au kushuka chini yake, yanayofuata ni madogo zaidi. Kitanzi cha nje kinakoma i ikifika 952, kwani 952 × 952 ni 906304.

Wapo watakaokuambia utumie 11. Ni kweli kwamba palindromu ya tarakimu sita hugawanyika kwa 11, na kwa kuwa 11 ni namba tasa, mojawapo ya vipande vyako lazima iwe kigawe chake (913 ni 11 × 83). Kati ya 100 na 999 vigawe hivyo ni 81 tu. Kwa swali hili, hata hivyo, sioni haja: `break` hizo zinatosha. Iweke akiba ukitaka kujaribu tarakimu nyingi zaidi.