Mbona tyubu isiyo na sampuli nayo inang'aa?

SWALI: Niko mwaka wa mwisho, sayansi ya maabara. Natafuta eksosomu, vile vijifuko vinavyotolewa na seli, kwenye plazma (majimaji ya damu) kwa kutumia Cas12a, kimeng'enya cha CRISPR kinachokata DNA. Nimeunganisha aptama (kipande cha DNA kinachoshika shabaha maalumu) ya CD63, protini iliyo juu ya eksosomu, na uzi wa DNA wa kuamsha Cas12a, lakini tyubu isiyo na sampuli inang'aa karibu sawa na yenye sampuli. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Anza kuukagua uzi wa kuamsha. Cas12a haioni eksosomu hata kidogo. Inatambua DNA inayolingana na RNA elekezi yake tu. Ikishaipata, hukata ovyo kila DNA ya uzi mmoja iliyo karibu, ukiwemo ule wenye rangi upande huu na kizima-mwanga upande wa pili. Aptama ikiishika CD63 iliyo juu ya eksosomu, huuachia uzi wa kuamsha. Kwa hiyo uzi wowote uliokuwa huru tangu mwanzo utawasha mwanga hata kwenye maji matupu.

Ili uzi wote ushikwe na aptama, changanya aptama 1.5 kwa uzi 1, pasha nyuzijoto 95 kwa dakika 5, kisha acha mchanganyiko upoe polepole hadi joto la chumba. Ukiutumbukiza kwenye barafu, kila uzi hujikunja wenyewe kabla haujampata mwenzake. Aptama nayo usiizidishe mno: iliyo huru itawahi kuishika CD63, na hakuna kitakachoachiliwa.

Sisi tungetumia aptama yenye biotini, iliyofungwa kwenye shanga za sumaku zenye streptavidini, protini inayoshika biotini kwa nguvu. Osha mara 3 kabla ya kuweka sampuli, na maji ya mwosho wa mwisho yapime kwa Cas12a. Yaking'aa, osha tena. Baada ya sampuli kukaa na shanga, zivute kwa sumaku, chukua maji ya juu, ongeza Cas12a nanomola 50 na RNA elekezi iliyozidi kidogo, usome mwanga kwenye nyuzijoto 37.

Weka pia tyubu yenye sampuli na uzi wa rangi bila Cas12a. Iking'aa, vimeng'enya vya plazma ndivyo vinavyokata. Safisha eksosomu kwanza kwa safuwima ya kuchuja kwa ukubwa. Kinyume chake, mwanga ukififia kwenye tyubu zote, angalia damu ilikusanywa kwenye nini. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, nayo hunyakua magnesi, ambayo Cas12a haikati bila hiyo.

SWALI: Tyubu iking'aa, je, mgonjwa ana saratani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Seli zenye afya nazo hutoa eksosomu zenye CD63. Inabidi eksosomu hizohizo zipimwe pia alama nyingine, mfano EpCAM, protini iliyo kwa wingi kwenye seli za saratani nyingi, na matokeo yalinganishwe na ya watu wasio wagonjwa. Kwa sasa daktari bado anahitaji kipande cha uvimbe chini ya hadubini.