Maswali yenu ya magari: rikoli, eabegi za Takata na mkeka wa dereva

Wiki hii inboksi imejaa rikoli, yaani kampuni inapotangaza kwamba gari ilizouza zina kasoro ya usalama na kuziita zikatengenezwe bure. Mengi yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha.

Kaka mi ni mtu wa Toyota toka zamani, ila kila mwaka naona wanarudisha magari mamilioni. Ubora umeshuka au? (Morogoro)

Ukihesabu idadi peke yake utapotea. Siku hizi pampu moja ya mafuta inafungwa kwenye modeli kibao, ikigundulika ina shida ni gari mamilioni kwa mpigo, na kingine hata Tesla kutuma programu mpya kwa intaneti huhesabiwa rikoli, Desemba 2023 waliita gari zaidi ya milioni 2 Marekani na karibu zote hazikwenda gereji. Mi naangalia vitu viwili tu, kilichoharibika ni nini, na wenye kampuni walijua lini.

Chukua GM, yaani General Motors ya Marekani. Mwaka 2014 waliita gari kama milioni 2.6, Chevrolet Cobalt na wenzake, kwa sababu ya swichi ya funguo. Swichi ilikuwa legelege, funguo ikibeba mzigo au goti likigusa inarudi nyuma yenyewe, injini inazima uko kwenye mwendo, stelingi inakuwa nzito na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukukinga ukigonga, hazifumuki tena. Kifaa chenyewe ni cha bei ya pipi. Mainjinia wa GM walikuwa wanalijua tatizo miaka kama kumi kabla, na mwaka 2006 kifaa kikarekebishwa kimyakimya bila kubadilisha namba ya spea, kwa hiyo waliokuja kuchunguza baadaye wakazunguka sana kuelewa kwa nini gari za mwaka huu zinazima na za mwaka ule hazizimi. Mfuko wa fidia wa GM ulikubali kwamba vifo 124 vilitokana na hiyo swichi. Hapo tatizo sio swichi bana, swichi mbovu inaweza kumtokea yeyote.

Na Toyota wako sio malaika, Machi 2014 walikubali kulipa dola bilioni 1.2 Marekani kwa kudanganya watu kuhusu gari zilizokuwa zinajiongezea mwendo. Ila kampuni inayoita gari mapema kwa kitu kidogo kabla mtu hajaumia, hiyo mi naipa maksi. Inayonipa wasiwasi ni rikoli ya kurekebisha rikoli. Ford mwaka 2025 waliivunja rekodi ya GM ya rikoli 77 kwa mwaka mmoja, na baadhi zilikuwa ni kurudia kazi ambayo mara ya kwanza haikufanyika sawasawa.

Niko Mombasa, nina Honda Fit ya 2007 nilinunua kwa mtu. Naskia eabegi za Takata zinaua. Ni kweli ama ni stori za kutisha watu?

Ni kweli, na wewe ndo unatakiwa usome hili jibu mara mbili.

Ndani ya usukani nyuma ya mfuko wa eabegi kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti. Ukigonga vinawaka, gesi inajaza mfuko, kufumba na kufumbua. Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inauzia watengeneza magari hizo eabegi, walitumia kemikali ya ammonium nitrate, kitu cha bei nafuu lakini hakipatani na unyevu, na vikopo vingi havikuwekewa kitu cha kunyonya huo unyevu. Sasa gari ikikaa miaka kwenye joto la mchana na ubaridi wa usiku, hewa ya unyevunyevu, vile vidonge vinapasukapasuka vinakuwa kama unga, na unga unawaka haraka kuliko kidonge. Siku ya ajali kikopo chenyewe kinalipuka na vipande vya chuma vinatoka na mfuko, vinakuja shingoni na usoni. Orlando kule Florida mwaka 2014 wachunguzi waliokuta mama kwenye gari baada ya ajali walidhani amechomwa kisu.

Kampuni za magari kama 19 ziliingia humo, Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine, ndo maana ubishi wa kijiweni wa Toyota na BMW nani bora hapa haufai kitu, wote walienda duka moja. Marekani peke yake ziliitwa eabegi kama milioni 67. Takata akakiri makosa mahakamani Februari 2017 na Juni akafilisika. Na waliopata shida zaidi ni wa sehemu za joto na unyevu, Florida, Texas, Malaysia. Sasa niambie Mombasa, Tanga, Dar na Unguja ziko upande gani.

Kinachoniudhi ni kwamba rikoli inamfuata mwenye gari aliyeandikishwa Japani, barua inakwenda kwenye adresi yake, gari ishapanda meli zamani. Japani wenyewe kuanzia Mei 2018 waligoma kuzipa ukaguzi gari zenye eabegi hatari ambazo hazijabadilishwa, lakini zilizotoka kabla ya hapo zilitoka hivyohivyo.

Cha kufanya: angalia namba ya chesisi, iko kwenye logbook na kwenye kibati ndani ya boneti. Gari zilizouzwa Japani hazina ile namba ya herufi na tarakimu 17 ya gari za Marekani, yako kwa kawaida itaanza na GD1 au GD3 halafu kistari halafu namba (Vitz ya umri huo ni SCP90 na ndugu zake). Kwa hiyo tovuti ya Marekani haitakusaidia, ingia tovuti ya Honda Japani sehemu ya rikoli, simu itakutafsiria, weka zile nusu mbili za namba itakwambia kama kuna kazi haijafanyika. Ikisema ipo, chapisha hilo jibu uende nalo kwa wakala rasmi wa Honda. Usishangae ukiambiwa gari hii hatukuiuza sisi, omba kuongea na mkubwa wao, na omba jibu kwa maandishi. Kama iliyoitwa ni ya upande wa abiria basi kiti cha mbele kikae wazi mpaka ibadilishwe.

Fundi anasema taa ya eabegi anaizima kwa elfu thelathini, na anayo eabegi yuzdi ya bei poa. Nimpe? (Mbagala)

Hapana na hapana. Kuizima ile taa mara nyingi ni kuchomeka rizista, kijikifaa cha umeme, ili kompyuta ya gari idhani kila kitu kiko sawa, eabegi yenyewe imelala hapohapo. Na hiyo yuzdi imetoka kwenye gari gani? Inaweza kuwa hiyohiyo Takata iliyotakiwa kutupwa.

Passo yangu naskia kampuni yake ilidanganya vipimo. (Dodoma)

Passo ilitengenezwa na Daihatsu, na ndio, Desemba 2023 uchunguzi ulikuta ujanja kwenye vipimo vya modeli 64, nyingine zina nembo ya Toyota, wakasimamisha kupeleka magari sokoni kwa muda. Ila kudanganya kipimo na gari kuwa hatari ni vitu viwili tofauti, endesha tu, angalia namba yako kama kawaida.

Niko Houston, nataka kutuma RAV4 ya 2012 kwa ndugu zangu Lubumbashi. Kuna kitu nikague?

Umefanya la maana kuuliza kabla ya kontena. Gari yako ina VIN, yaani namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17, iweke kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama wa magari ya Marekani, kama kuna rikoli haijafanywa ipeleke kwa dila Houston hukohuko, ni bure. Ila ujue sheria inawabana watengeneze bure pale tu rikoli ilipotangazwa ndani ya miaka 15 toka gari iliponunuliwa mpya. Risiti ya kazi itume pamoja na gari, atakayeinunua kesho Lubumbashi ataihitaji.

Ile ya Toyota kujiongezea mwendo yenyewe, kweli ilikuwa mkeka tu? (Kisumu)

Mkeka na pedali. Agosti 2009 karibu na San Diego Lexus moja ilikwama kwenye mwendo mkali, watu wanne wakafa, na ilikuwa na mikeka ya modeli nyingine iliyokamata pedali ya mafuta. Pedali nyingine zilikuwa zinanata zenyewe, hizo nazo zikaitwa. NASA walichunguza umeme wa hizo gari na mwaka 2011 ikatoka ripoti, hawakukuta kosa la umeme la kueleza hayo.

Sasa angalia miguuni kwako. Mkeka orijino, juu yake wa mpira wa barabarani, juu yake kapeti mama kaleta, na ile ndoano ya kushikia mkeka ilishakatika. Toa yote bakiza mmoja ulioshikwa. Na siku pedali ikikwama, kanyaga breki kwa nguvu mara moja bila kupampu, weka nyutro, injini iache ipige kelele, ukisimama ndo uzime. Funguo usiichomoe ukiwa kwenye mwendo, stelingi itajifunga.