Kwa mahakimu wapya mliopangiwa Mahakama ya Watoto

Juzi nimekaa pembeni ya chemba, hakimu kijana anamsomea mtoto shtaka, kisha anamwuliza, "Unajibu nini?" Mtoto akasema, "Ndiyo." Ndiyo ipi? Mheshimiwa akaandika: amekiri kosa. Nikashika kichwa. Wadogo zangu, haya tumeshayasema semina kwa semina.

1. Umri kwanza, shtaka baadaye. Hati ya mashtaka si cheti cha kuzaliwa. Nikiwa mgeni kazini niliwahi kuletewa kijana wa stendi, wizi wa simu. Hati inasema miaka 19. Nikamwuliza, akajibu kumi na tisa bila kupepesa, maana alikuwa mpiga debe, na pale stendi ukisema u mtoto hupewi gari. Nikaandika. Dhamana iko wazi, wadhamini hakuna, akaenda rumande ya watu wazima. Kila kesi ikija kutajwa, wimbo ni ule ule: upelelezi haujakamilika. Nami naahirisha. Safari moja aliingia amekonda, haniangalii usoni. Sikuuliza, karani alikuwa na rundo la majalada mengine. Hakuna wakili wala askari aliyenishtua. Ni shangazi yake, aliyetoka kijijini na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa rambo, chanjo zote zimejazwa. Nikapiga hesabu: 15. Nikarudia kwa vidole, mbele ya watu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama ichunguze umri wa yeyote anayeonekana kuwa mtoto, na yule alionekana; hata kivuli cha ndevu hakuwa nacho. Shangazi akaniambia, "Asante sana mheshimiwa." Bora angenitukana.

2. Shahidi asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, tangu marekebisho ya 2016, kinataka kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Iandike ahadi kwa maneno yake mwenyewe. Hukumu zimeanguka hapo kwenye rufaa, na aliyeumizwa ni mtoto yule yule.

3. Ripoti ya afisa ustawi wa jamii kuhusu mtoto isome usiku wa kuamkia uamuzi, si mezani huku kila mtu anakutazama.

4. Mtoto hafungwi jela, hilo mnalijua. Basi mnakimbilia shule ya maadilisho kana kwamba iko mtaa wa pili. Shule yenyewe, Irambo, iko Mbeya! Mtoto wa Mtwara ukimpeleka huko, mama yake atamtembelea kwa nauli ya nani? Tazama kwanza kama kuna mjomba au bibi wa kumsimamia, na amri ya uangalizi itoshe.

5. Pingu zifunguliwe mlangoni, si baada ya wewe kukaa.

6. Mtoto akisinzia, ahirisha kidogo apate chai. Huenda ametolewa mahabusu alfajiri na tumbo tupu. Usiandike kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama, kwamba "ameidharau mahakama." Nimeisoma sentensi hiyo, na mwandiko naujua.