Kibali cha kujenga kijijini Vihiga

Ukijenga kijijini katika kaunti ya Vihiga, Kenya, kibali cha kaunti kinahitajika, hata kama ni shambani kwako. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, kifungu cha 57, haibagui mji na kijiji: ukianza bila idhini ya kaunti, faini inafika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote. Nachora ramani za nyumba huku Luanda, Vihiga, na wengi wanaponea kwa sababu tu hakuna afisa aliyepita. Usitegemee hilo, hasa kama ni ghorofa. Ikianguka ina watu.

Kuomba kibali, peleka kaunti michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa pamoja na nakala ya hati ya shamba. Hapo kwenye hati ndipo wengi hukwama huku kwetu, maana shamba bado liko kwa jina la babu. Kesi ya urithi ianze mapema, kabla hujanunua hata tofali.

Kaunti isipokujibu kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu umekubaliwa. Lakini hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe siku uliyowasilisha, la sivyo huna cha kuonyesha.